Gunia na Nusu Kila Wiki

Benchi la Fathi muuza kahawa liko katika mtaa wa viwanda wa Bahtim, mkabala na lango la kiwanda cha mabeseni cha Haji Mutawalli. Ni mbao mbili juu ya ndoo za rangi, na kila mashine za ng'ambo ya barabara zikifumba vinywa vyao, kahawa hutetemeka vikombeni. Hapo watu huitana majina ya kubandikana. Lamei mtunza stoo ni Mizani. Zenhom fundi wa mashine ni Msasa. Sabri, aliyeacha chuo cha ufundi mwaka wa kwanza, ni Mhandisi. Siku hiyo Mizani alikuwa na karatasi mfukoni. Ilisema kwamba yeye, baada ya miaka kumi na tisa, anakiri kupoteza plastiki ya chembechembe, gunia na nusu kila wiki tangu majira ya baridi. Akitia saini kabla ya alasiri, ataondoka kwa amani. Asipotia, wataitwa polisi.

Hesabu yenyewe hakuwa na la kuipinga. Magunia yanayoingia mashineni, kilo ishirini na tano kila moja, aliyapima kwa mkono wake. Mabaki yalisagwa, yakapimwa, yakarudishwa. Mabeseni yalihesabiwa, kila moja gramu mia nne, kama ilivyoandikwa ukutani tangu kalibu ya kuyaumbia ilipoletwa ikiwa mpya. Na bado gunia na nusu lilikuwa halionekani.

— Ni moshi huo, alisema Mhandisi. Plastiki ikiyeyuka inafuka, na moshi una uzito. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hujaza, Mhandisi, alisema Mizani. Changu kinapungua.

Fathi aliwashuku panya. Aliapa kwamba nyumbani kwake amemwona mmoja mwenye meno ya samawati, rangi ileile ya mabeseni. Mhandisi akaruka mbali zaidi: Haji anajiibia mwenyewe kila Ijumaa ili awaondoe wazee bila kiinua mgongo.

— Na za mwizi ni arobaini, Mizani. Wewe umefikisha kumi na tisa tu. Vumilia.

Msasa, kwa kumchangamsha rafiki yake, akasimulia tena ile hadithi yake ya majira ya baridi: mabeseni yaliponasa ndani ya kalibu, naye akaisugua ndani kwa msasa siku mbili mpaka ikang'aa kama kioo. Tangu hapo hakuna beseni lililonasa. Mizani aliitikia kwa kichwa. Aliipenda hadithi ile.

Kisha Gomaa, mlinzi wa lango, akavuka barabara na kusema Haji anaulizia karatasi. Mizani akaiweka juu ya goti, akatia saini. Gomaa akaichukua bila kumtazama usoni.

Gomaa alikuwa bado anaingia langoni alipofika mwanamke mwenye mabeseni mawili kichwani, moja la zamani na moja jipya. Aliitwa Bi Attiyat, akiuza samaki soko la Jumanne, na hakuwa amewahi kukaa pale. Akayatua, akaomba kahawa.

— Nyinyi si ndio wenye mabeseni haya? Wateja wananiita mwizi. Napima samaki ndani ya beseni, halafu natoa uzito wa beseni. La mwaka jana natoa mia nne, sawa. Hili jipya nikitoa mia nne, mtu akipima kwake samaki wamepungua. Kwa nini mapya ni mazito?

— Kwa kiasi gani, mama? aliuliza Mizani.

— Gramu kumi na mbili. Kwani huko kwenu nani huwa anapima beseni?

Mizani alizidisha kimoyomoyo. Mabeseni elfu tatu na mia moja kwa wiki, mara kumi na mbili. Kilo thelathini na saba: gunia na nusu, likitoka mbele ya macho yake kila siku, ndani ya mabeseni yenyewe, tangu kalibu iliposuguliwa ikapanuka. Alipoinua uso, Msasa alikuwa anatazama vidole vyake.

— Twende tukamwambie, Msasa. Wote wawili.

Msasa akaiingiza mikono mifukoni.

— Nina watoto watano, Mizani.

Fathi akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Yakatoka mashapo tu.

Mizani akaokota lile beseni jipya, akamrudishia mwenyewe.

— Uwe unatoa mia nne na kumi na mbili, mama, alimwambia. Hakuna atakayekuita mwizi tena.