Lete-Mashine Anaifuata Mashine

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, kengele ya kutoka kazini ikishalia, fundi wetu wa kompyuta atafunga karakana na kukabidhi ufunguo, baada ya kukitumikia chuo hiki kwa miaka ishirini na sita. Mkuu wa chuo ameniomba niandike maneno machache ya kumuaga, kwa kuwa mimi ndiye katibu muhtasi na meza yangu inatazamana na mlango wa karakana. Nimekubali, ingawa nilimwonya kwamba kuhusu huo uchache siahidi kitu.

Alipoajiriwa, chuo kilikuwa na kompyuta moja tu, nayo ilifunikwa kitambaa cha kufuma na hakuna aliyethubutu kukifunua. Kazi yake ilikuwa kutengeneza taipureta na mashine ya kurudufu mitihani. Kompyuta zilipoanza kumiminika alikwenda kozi, akarudi, akatufundisha sisi tuliokuwa tunaogopa hata kushika kipanya. Maabara ya wanachuo aliifunga yeye, waya kwa waya. Na mwaka ule paa la ofisi ya taaluma lilipovuja, matokeo ya mitihani yalipona kwa sababu yeye alikuwa ameshayahifadhi kwingine, bila kuambiwa na mtu.

Jina lake la kwenye mshahara tutaliacha huko huko kwenye mshahara. Hapa chuoni anaitwa Lete-Mashine, na jina hilo alijitafutia mwenyewe kwa mdomo wake. Ukienda kumwomba chaja ya kompyuta yako ya mkononi, jibu ni moja: lete mashine. Ukimweleza kuwa ni ile nyeusi ya kawaida, anakutazama kwa huruma. Ukimpelekea chaja iliyokufa peke yake, anakuuliza una uhakika gani kwamba hata hiyo ilikuwa yake halali. Basi unarudi ofisini unanung'unika, unaibeba mashine, unaileta.

Hapo ndipo raha inapoanza. Anailaza kifudifudi juu ya blanketi kuukuu lililotandikwa mezani ili isikwaruzike. Analowesha kidole gumba, anasugua kibandiko cha chini mpaka herufi zijitokeze, kisha anavaa miwani. Volti kwanza: za chaja ziwe sawasawa na zinazotakiwa na mashine, hapo hakuna kubembelezana. Halafu ampea: zikizidi si neno, mashine itachukua kiasi chake, lakini zikipungua ni mateso. Ncha ya kuchomeka huja mwisho kabisa, wakati sisi wengine wote tunaanzia hapo. Akisharidhika anachomeka, anaweka kiganja juu ya chaja kusikilizia joto, na hakuruhusu uondoke. Unakaa. Mtapiga soga, utakunywa chai yake isiyo na sukari, na utasikiliza mluzi wake ambao, jamani, haujawahi kupatana na wimbo wowote.

Mwalimu wetu wa historia ndiye aliyewahi kuuruka utaratibu huo. Alijinunulia chaja barabarani, akaingia nayo kwenye kikao cha walimu akijisifu kwamba imeingia vizuri kabisa, tena bila kusukuma. Ajenda ya pili haijaisha, ukumbi mzima ukaanza kunuka plastiki inayoungua. Fundi hakucheka. Alimwambia kwa upole kwamba hata mguu wake unaingia kwenye kiatu cha mkuu wa chuo, lakini asijaribu kutembea nacho. Mkuu mwenyewe ndiye aliyeangua kicheko, na kikao kikafia hapo.

Sasa nifike kwenye jambo linalotuuma. Mwezi Februari mkuu wa chuo alimwomba fundi asiondoke akistaafu, abaki miaka miwili zaidi kwa mkataba. Alisema atafikiria, na sisi tukajua tayari tumempata. Mkewe, ambaye fundi humwita Mama Pacha kwa ajili ya mabinti zao wawili, ni muuguzi wa zahanati iliyo safari ya kutwa nzima kwa basi. Alipangiwa huko zamani, na fundi akapata kazi hapa. Walisema ni kwa muda tu. Ule muda ukawa maisha. Mabinti wamekua, wameolewa, na Mama Pacha amebaki peke yake katika nyumba ile. Simu yake ni ya vitufe, kwa hiyo kila jioni huweka kompyuta mezani, fundi naye anawasha ya kwake, wanaonana kwa video, wanakula pamoja hivyo hivyo, kila mtu na sahani yake.

Mwezi Machi chaja ya Mama Pacha ikafa. Safari hii Lete-Mashine hakuweza kusema lete mashine, maana mashine ilikuwa mbali. Mama Pacha alimwambia kwenye simu kwamba ataigeuza amsomee kibandiko. Fundi akamcheka. Alimwambia asijisumbue, mashine hiyo aliinunua yeye, anaijua nje na ndani. Siku hiyo hiyo akapata chaja, akaijaribu, akaifunga vizuri kwenye taulo, akaikimbiza stendi. Mtu mwenye hamu hana subira, nasi tulimtania sana.

Chaja ilifika. Ncha iliingia, taa ikawaka, mashine ikaamka, wakaanza kula. Katikati ya chakula kioo kikazima. Mashine ilikuwa inatumia zaidi ya inachopewa, betri haikujaa kamwe. Fundi alipopiga simu na kuomba asomewe kibandiko, ndipo alipoambiwa: mashine aliyoinunua iliharibika siku nyingi, na pacha mmoja alimpelekea mama yake nyingine kubwa zaidi ya kampuni ile ile. Volti zilezile, ncha ileile, ampea nyingi zaidi. Mama Pacha hakusema kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa zawadi, na alimwonea haya mumewe.

Naye fundi angejuaje? Jioni zote hizo alikuwa akimwona mkewe, sahani, na ukuta wa nyuma. Mashine yenyewe hakuiona hata mara moja, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikimwonyesha hivyo vingine. Na likizo zake mbili zilizopita hakwenda nyumbani. Alizitumia hapa, akifunga maabara mpya, kwa sababu sisi tulimwomba.

Asubuhi yake hakufungua karakana. Alikuja ofisini kwangu, akakaa kwenye kiti cha wageni, mikono mapajani. Akasema kwamba watu wa chuo kizima anawajulia vilivyo mezani kwao, ila meza ya nyumbani kwake hajui tena ina nini juu yake. Akainuka, akaingia kwa mkuu wa chuo bila kuuliza kama kuna mgeni. Walipotoka mkuu alikuwa amemshika bega, akaniambia ule mkataba niuweke mahali ambapo yeye mwenyewe hatauona tena.

Chaja sahihi ilinunuliwa wiki ile ile. Nilijitolea kuipeleka stendi mwenyewe. Fundi akakataa. Mashine hajaiona kwa macho yake, alisema, na sheria ya karakana ni ileile kwa kila mtu, hata kwa mke. Mama Pacha naye alijibu kwenye simu kwamba hataki chaja peke yake, ataisubiri pamoja na mwenye chaja. Tangu siku hiyo inaning'inia ndani ya mfuko, kwenye msumari wa ukutani ndani ya karakana, mkabala na mlango. Kila nikiinua macho naiona.

Nafasi yake itatangazwa, na tutapata fundi mwingine, pengine hodari kuliko yeye. Ataichukua mashine yangu mlangoni na kuniambia nirudi kesho. Nitarudi mezani kwangu nikiwa na kazi nyingi na kimya kingi, na nitautamani ule mluzi mbovu. Nisiseme uongo, nimeshaanza kuutamani na mwenyewe bado yumo mle ndani, anapiga.

Ndugu yetu Lete-Mashine, ahsante kwa kila ulichokiwasha hapa, na utuwie radhi kwa likizo zile. Nenda kwa heri, uwe na afya, na siku zako za mbele ziwe nyingi na tulivu. Ukifika, ilaze mashine kifudifudi, sugua kibandiko, vaa miwani, chomeka. Weka kiganja juu ya chaja, usikilizie, usiwe na haraka. Ikishajaa, izime uiweke kabatini, upishe nafasi mezani kwa sahani yako.