Fundi Cherehani na Mstari Alioukwepa Miaka Ishirini

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani na ndugu waombolezaji, historia hii inasomwa na binti mkubwa wa marehemu, si kwa kuwa anajua kusoma kuliko wenzake, bali kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, akakataza kurukwa jambo lolote, na ninyi mliomjua mnafahamu kwamba akishasema amesema.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi hata siku ambazo hamkuwa na nguo ya kushona, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa kwanza wa seremala, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya shule ya misheni, na katika shule hiyohiyo alisoma kuanzia mwaka 1959 hadi 1966. Mwaka huo wa mwisho mama yake alifariki, akabaki na mdogo wake wa kike mwenye umri wa miaka sita, akamlea, akamsuka, akampeleka shule, na alipokwenda kusomea ushonaji mwaka 1967 na 1968, kila jioni alimfundisha mtoto yule alichofundishwa yeye asubuhi.

Aliajiriwa katika kiwanda kidogo cha sare tarehe 3 Februari 1969, kisha mwaka 1976 akafungua chumba chake cha ushonaji mkabala na posta, ambako mume wake, karani wa stempu, aliyefunga naye ndoa katika kanisa hili tarehe 9 Agosti 1975, alikuwa akimwona dirishani siku nzima, jambo ambalo marehemu alidai linamchelewesha kumaliza oda, na mume, aliyemtangulia mwaka 2015, alidai linamchelewesha kupiga mihuri. Mungu aliwajalia mabinti wawili na kijana mmoja.

Kijana huyo alizaliwa kwa upasuaji tarehe 11 Oktoba 1988, mama akalazwa wiki tatu, mumewe akiwa likizo akimuuguza, na funguo za chumba mama akamwachia mdogo wake, ambaye sasa alikuwa akishona naye. Aliporudi na kichanga mikononi alikuta vyerehani viwili havipo, daftari la vipimo vya wateja halipo, karatasi zake zote za kukatia nguo zimebebwa, ng'ambo ya barabara kuna kibao kipya chenye jina la mdogo wake, na wateja wameambiwa kwamba Fundi macho yamemwisha na ameacha kazi. Aliketi akamnyonyesha mtoto, na huo ukawa mwanzo wa miaka ishirini na miezi saba ya kununiana.

Tusiwafiche, kulikuwa na siku ya kucheka. Karatasi zile marehemu alizikata sawasawa na mwili wa mtu, bila nafasi ya mshono, kwa vile nafasi aliiongeza kwa vidole viwili wakati wa kukata kitambaa, na hakuwahi kulisema hilo akidhani mdogo wake ameliona. Pasaka ya mwaka 1989 kwaya ilisimama na majoho mapya thelathini na mawili kutoka ng'ambo ya barabara, yote yamebana kama soksi, na mwalimu wa kwaya alipoinua mikono, mshono wa kwapa ukaachia mbele ya kanisa zima. Marehemu alicheka mpaka akatoka nje, na alipofika nje akagundua kwamba analia, na tangu siku hiyo hakuimba tena kwa miaka mingi, wala kurudi kwenye kwaya aliyoiacha alipojifungua.

Aliendelea kuja ibadani, ila kwenye Sala ya Bwana, wote walipofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, yeye aliinama kutafuta kitambaa kwenye mkoba, akaibuka wenzake wameshapita. Usingizi ulimkimbia, presha ikapanda, daktari akabadilisha dawa mara tatu. Watoto wake, masikini, walidhani kuinama ni sehemu ya ibada, wakainama naye, na binti mkubwa alipopata mtoto akamrithisha. Jumapili ya tarehe 14 Juni 2009 mjukuu huyo wa miaka mitano aliinama, na bibi yake alipomnong'oneza anatafuta nini, akajibu kwa sauti iliyomfikia hata mpiga kinanda, “Hapa ndipo tunapotafuta kitambaa, Bibi, mbona leo wewe umechelewa?”

Marehemu alisema aibu ilimshuka hadi magotini. Hakungoja matangazo, alitoka, akaenda kubisha mlango wa mdogo wake, akamwambia, “Nimekuja kukusamehe, na usinikatize, maana ukinikatiza nitarudi nyumbani.” Zamu ya mdogo wake ilipofika, alisema hana cha kujitetea, ilikuwa tamaa, na kwamba siku dada yake aliporudi na kichanga alimwona kupitia pazia, akaingia chini ya meza ya kukatia, akakaa humo mpaka adhuhuri.

Halikuisha siku moja. Kila akikiona kile kibao moyo ulimchacha, ikambidi amsamehe upya kila asubuhi, kwa maombi, kabla ya chai, mwaka mzima na ushei, hadi siku moja akamaliza chai ndipo akakumbuka kwamba hajaomba, na hasira hana. Akalala usingizi. Presha ilishuka, daktari akasema ni dawa, yeye akasema ni vyote viwili, na mwaka 2011 akarudi kwenye kwaya, sauti ya pili.

Binti mkubwa, hata hivyo, hakutaka. Alikuwa na miaka kumi na moja mama yake aliporudi kutoka hospitali, na tangu hapo hakumwamkia mama yake mdogo, na mama alipomsihi alijibu, “Wewe umesamehe ya kwako, mimi nina ya kwangu.”

Mwezi Mei 2021 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya moyo, akalazwa mara nne, na aliyemwogesha, kumgeuza na kumlisha ni mdogo wake. Tarehe 10 Januari mwaka huu alimwita binti mkubwa, akamwandikisha historia hii, akamwambia, “Mtu asimchukie mdogo wangu kwa niaba yangu. Mwenyewe nimeshaacha, ninyi mnaendelea na kazi ya nani?” Alifariki Alhamisi tarehe 16 Februari 2023, saa nne asubuhi, mdogo wake akiwa amemshika mkono, na ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani mliopokezana kumpikia, mafundi wenzake mliofunga vyumba vyenu leo, mchungaji na kwaya. Shukrani za mwisho ni kwa mtu aliyeketi mstari wa mbele, na hizi marehemu hakuziandikisha, ni za msomaji mwenyewe. Mama mdogo, shikamoo.

Mama, pumzika kwa amani ile uliyoipata ungali hai.