Paipai za Dresa Wekoye na Mguu wa Kemboi

Dresa Wekoye aliingia dispensari yetu ya barabara ya Kimilili mwezi wa tatu, mwaka 1929. Anatoka kazini leo Jumamosi, tarehe 29 Juni 1957. Hiyo ni miaka ishirini na nane na miezi tatu. Wengine wenu hapa mlikuwa hamjazaliwa. Wengine amewafunga vidonda mkiwa wadogo, na mlilia sana.

Mimi nachota maji na kufyeka nyasi hapa tangu 1931. Nimeambiwa niandike juu yake kwa sababu nimekaa naye kuliko wote. Sitaandika mrefu.

Kazi ya dresa ni kufunga vidonda. Udaktari hakusoma. Alisoma darasa nne kwa misheni, akafundishwa bandeji huko Kitale miezi sita, akapewa koti nyeupe. Hiyo koti anapiga pasi ya makaa kila siku, mvua inyeshe, jua iwake. Na mikono ananawa na sabuni mpaka mtu anachoka kungoja. Siku moja chifu alikuja kumsalimia, ametoa mkono. Wekoye akasema, "Ngoja kidogo, Chifu." Akaenda kunawa. Chifu akabaki hapo na mkono mbele kama mtu anaonyesha barabara. Wekoye akarudi, akamsalimia vizuri, halafu akaenda kunawa tena.

Lakini watu wanamjua kwa paipai. Hiyo habari inasemwa vibaya mpaka Lwakhakha, ati Wekoye ni mganga. Si mganga. Wacha niseme vile ilikuwa.

Mwaka 1943 vita ilikuwa inaendelea na dawa zilikuwa zinaenda kwa askari. Sisi tulibaki na maji ya chumvi, bandeji za kufua, na chupa chache za ile dawa ya zambarau ya kupaka watoto mdomoni. Mwezi wa nane wakamleta Kemboi na gari ya ng'ombe, kutoka shamba moja ya mzungu karibu na Kitale. Kijana mrefu, kazi yake kuendesha ng'ombe wa jembe. Chini ya goti alikuwa na kidonda kubwa kama kisahani cha chai. Ilikuwa inanuka. Wagonjwa wengine walihamia nje wenyewe, bila kuambiwa.

Daktari wa kuzunguka, yule tulimwita Bwana Miwani, alikuja akaangalia. Akasema anarudi baada ya wiki tatu. Akikuta nyama bado imeoza, atakata mguu.

Kemboi hakulia. Aliuliza tu, "Dresa, nikibaki na mguu moja, ng'ombe nitafuata na nini?" Kwa sababu mzungu wake alikuwa ameshasema: hakuna mguu, hakuna kazi. Na huko shambani hakuna kazi ni hakuna nyumba. Mama yake pia alikuwa analala kwa hiyo nyumba.

Wekoye aliosha hiyo kidonda wiki moja na maji ya chumvi. Haikusikia dawa.

Sasa, nyuma ya choo yetu kulikuwa na mpaipai. Hakuna mtu aliipanda. Tunajua vile mbegu ilifika. Jumapili ya hiyo wiki Wekoye alikula kwangu. Mke wangu, Nakhungu, alikuwa amepika nyama, na hiyo nyama ilikuwa inaachana na mfupa ukiiangalia tu.

Wekoye akasema, "Mama, hii ni ndama?"

"Ndama gani? Ni lile dume la jirani Nyongesa limekufa na uzee."

"Basi umeweka nini?"

"Kitu."

"Kitu gani?"

"Paipai yako, Dresa. Ile mbichi ya nyuma ya choo. Si unifunge jela basi."

Mimi nilishika kichwa. Wekoye hakukasirika. Aliacha kutafuna. Aliangalia nyama, akaangalia Nakhungu, akasema, "Kama inakula dume la Nyongesa, itakula ile nyama imeoza ya Kemboi." Akainuka na mkono bado ina mchuzi. Ni siku moja tu nimemwona anatoka mezani bila kunawa. Nakhungu alikufa mwaka 1951. Alikuwa anapenda kusimulia hiyo, na kila mwaka yeye alikuwa anaongeza pilipili kwa mchuzi.

Wekoye hakukimbilia mguu wa mtu. Alijijaribu kwanza. Alikuwa na kidonda kidogo kwa kidole gumba, akakwangua paipai mbichi, akapaka, akafunga. Usiku mbili. Ilimwasha, alitukana. Siku ya tatu kidonda ilikuwa safi, nyekundu kama ulimi. Ndio akaenda kwa Kemboi.

Kila asubuhi anakata kipande ya paipai mbichi, anamenya, anakwangua na kijiko imechemshwa, anaweka kwa kidonda, anafunga. Jioni anaosha, anaweka ingine. Kemboi alikuwa anauma blanketi. Siku ya nne ile nyama nyeusi ikaanza kutoka yenyewe. Siku ya tano harufu ikapungua. Wagonjwa wakarudi ndani.

Shida ikawa paipai. Mti ilikuwa imebaki na kumi na moja. Habari ya sufuria ya Nakhungu ilikuwa imetembea, na kila mama mwenye nyama ngumu alikuja kupitia nyuma ya choo. Kwa siku mbili zikaenda sita. Zikabaki tano, na Bwana Miwani bado siku sita. Wekoye akaweka ugo, wakaruka. Akaniweka mimi nilinde, nikalala. Nasema ukweli.

Basi Wekoye akachukua ile dawa ya zambarau, akapanda ngazi, akapaka paipai zote tano. Rangi ya zambarau kabisa, moja moja, mpaka chini.

Asubuhi watu walisimama mbali. Mama mmoja, Nanyama, akauliza, "Dresa, huu mti umeambukizwa?"

Wekoye akasema, "Mama, si unaona mwenyewe?"

Hakuna mtu aligusa tena. Hata ndege, naona.

Bwana Miwani alikuja siku yake. Ile begi ya misumeno ilikuwa kwa gari. Kemboi hakunywa chai hiyo asubuhi. Aliniambia, wakikata, nipeleke blanketi yake kwa mama yake. Daktari alishuka, akaenda choo kwanza, akakutana na paipai mbili zambarau zimebaki juu. Tulimsikia kutoka huko.

"Nani napaka hii? Hii dawa ya serikali!"

Wekoye akasimama na koti yake. "Ni mimi, Daktari. Paipai nayo ni dawa ya serikali. Imeota kwa ardhi ya serikali."

Akamwingiza ndani, akafungua bandeji. Daktari akainama. Alivaa miwani, akatoa, akavaa tena. Kidonda ilikuwa nyekundu yote, safi, na pembeni ngozi mpya imeanza. Alinusa. Hakuna kitu. Akarudi kwa gari na sisi tukafikiri anaenda kuleta msumeno. Alileta karatasi. Akaandika mguu usikatwe, akachukua paipai moja ya zambarau, akaenda nayo.

Alikuja tena baada ya mwezi. Alisema aliweka maji ya ndani ya hiyo paipai kwa kisahani yenye wadudu wa usaha, na mahali tone ilianguka wadudu wote walikufa. Alisema tunda linajilinda lisioze, na ile inalinda tunda inaweza kulinda mtu. Wekoye alisikiliza yote. Halafu akauliza kama daktari alinawa mikono baada ya kushika hiyo kisahani.

Tangu hapo tumekuwa na mipaipai sita, zote zimepandwa na mtu. Wekoye hakuandikiwa cheti yoyote kwa hiyo. Aliandikiwa barua ya kulipa chupa ya dawa ya zambarau. Aliibandika kwa ukuta. Iko hapo mpaka leo, muiangalie mkitoka.

Vidonda alizofunga hatujahesabu. Misumeno ya Bwana Miwani ilishika kutu.

Kemboi amefika leo kutoka Kitale. Anataka kubeba sanduku ya Wekoye mpaka kwake huko upande wa Lwakhakha. Tumemwambia lori iko. Amekataa, ati atatembea.

Dresa, asante. Kaa na wajukuu, lala mpaka jua itoke, usiamshwe na mtu. Mungu akupe afya na siku nyingi. Na mtu akikufuata nyumbani na kidonda, mrudishe hapa kwetu. Umetufundisha. Tutanawa mikono.