Kisichokuja Kwenye Taa

Kwenye boti ya kwenda Kibirizi, ufukweni mwa mji, nilikaa nyuma ya Mwalimu Selina, aliyeletwa kijijini kwetu kufundisha fizikia, na Mama Kudra muuza dagaa. Mwalimu alikuwa ameitwa mjini kujieleza, na faili lake alilipakata. Mwanafunzi alimwuliza sehemu kubwa ya ulimwengu imeundwa na nini, naye akajibu kwamba ni kitu kisichoonekana, na hakuna akijuaye, hata Ulaya. Mkaguzi akaandika kwamba hafai kufundisha.

"Sasa mmejuaje kipo, na hakionekani?" aliuliza Mama Kudra.

"Kinavuta, mama. Nyota zinazunguka kwa kasi mno. Zingetawanyika kama kisingekuwepo kitu cha kuzishika."

Mama akacheka. "Hilo tu? Waume zetu wakiwasha taa, dagaa wanakuja juu. Wavu ukiwa mzito kuliko dagaa unaowaona, unajua chini yuko samaki mwingine, mkubwa, asiyekuja kwenye taa. Huyo mkaguzi hajavuta wavu."

"Atataka jina lake."

"Mwambie ni mgebuka, mwanangu, urudi na kazi yako."

"Nitakuwa nimemdanganya, mama."

Wenye vyeo nchi hii wanajua kila kitu. Mke wangu alipougua, kila siku madaktari walikuwa na jina jipya la ugonjwa, mpaka nikamzika. Angesema mmoja tu kwamba hajui, ningempeleka kwingine.

Boti ikagusa mchanga, tukashuka majini. Mimi nisiyemsalimia mtu mwenye faili nilimbebea mwalimu lake kichwani, lisilowe. Nyuma yetu Mama Kudra alikuwa bado anasema, "Mgebuka, mwalimu. Usisahau."