Fundi Besi na Kwaya Iliyokataa Kufunguka

Kaka yetu mpendwa, ambaye hata mama alishazoea kumwita Fundi Besi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Mama husimulia kwamba mtoto huyu hakulala mchana mpaka cherehani ziwe zinalia. Baba akinyanyuka tu kwenda kunywa maji, yeye macho, na amenuna.

Alimaliza sekondari mwaka 1987. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kinanda cha shule, ambacho nusu ya vitufe vilikuwa vimekufa, alikichezea mpaka mwalimu wa muziki akachoka kumfukuza, akamkabidhi ufunguo wa ukumbi. Baadaye alisomea ufundi wa redio.

Alifanya kazi redioni kama fundi mitambo, kisha mwaka 2001 akafungua studio nyuma ya kinyozi, kuta zote zimebandikwa magodoro. Waimbaji wakilalamikia joto aliwaambia, "Mkitaka feni, nitawasha. Ila nayo itakuwa kwenye wimbo."

Ghorofa ya juu aliishi muuguzi. Siku moja, ametoka zamu, alishuka kugombana juu ya kelele. Badala ya kuomba radhi, marehemu alimwambia, "Dada, hebu kaa hapo. Besi imezidi?" Akajibiwa, "Kila kitu kimezidi." Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 2003, wakajaliwa mabinti wawili.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa albamu ya kwaya ya wauguzi, wenzake na wifi yetu, ambaye naye aliimba humo. Alirekodi kila sauti peke yake, moja baada ya nyingine. Kabla hajazichanganya, kompyuta yake ya zamani iliungua, ila sauti zilipona kwenye diski ya pembeni. Mabinti wakamletea mpya, yenye kasi kuliko zote dukani. Hawakujua kwamba prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa ya chapa nyingine, na programu aliyoitumia miaka yote haikuelewana nayo. Wimbo mwepesi ulicheza vizuri. Ukifungua kwaya nzima, sauti zinakatika, zinakwaruza, halafu kila kitu kinaganda.

Aliwapigia wenye programu. "Prosesa hiyo hatujaithibitisha, mzee. Ongea na waliokuuzia." Waliomuuzia wakasema, "Kompyuta ni nzima kabisa. Tatizo ni programu." Na kwa kuwa ni nzima, hawakukubali kuibadilisha. Kinyozi akamwazima yake, yenye chapa ile ya mwanzo, lakini ilikuwa dhaifu mno, haikubeba hata robo ya sauti. Mafundi walikuja, wakabofya, wakakuna vichwa, wakaaga.

Wakati huohuo figo zake zilikuwa zinashindwa. Mwishoni mwa 2022 alianza kusafishwa damu. Akirudi kutoka hospitali alikaa mbele ya kioo cha kompyuta, akawasha, ikaganda, akazima. Binti mkubwa alilia. "Baba, nilidhani yenye kasi ndiyo nzuri."

"Ni nzuri, mwanangu. Haitusikilizi tu."

Sisi ndugu tulisimama nyuma ya kiti chake kama watu waliokuja kutazama ajali. Hatukujua kompyuta, na hatukujua figo.

Alifariki alfajiri ya tarehe 6 Juni 2024, wifi akiwa kando yake. Jioni iliyotangulia alikuwa amemwuliza, "Imefunguka?"

Wifi hajawahi kumdanganya mgonjwa. "Bado, baba watoto."

"Basi niimbie sehemu yako."

Wifi akaimba sauti ya pili, peke yake, bila wimbo wenyewe. Marehemu alisikiliza amefumba macho, kisha akasema, "Hapo mwisho umewahi kidogo." Hakuzungumza tena.

Ameacha mama mzazi, mjane, mabinti wawili, dada zake wawili nikiwemo mimi ninayewasomea, na wauguzi ambao sauti zao zimo ndani ya mashine ile na hatujui nani wa kuzitoa.

Apumzike kwa amani kaka yetu. Nasi tuliobaki, Mungu atushike mkono, maana hatujui pa kuanzia.