Kunguru wa Ras Mkumbi

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu! Sauti yangu mnaijua redioni. Leo nisikilizeni kwa jambo ambalo huko redioni nililificha kwa muda mrefu.

Nilikuwa nasoma habari kwenye kituo kikubwa Dar es Salaam mpaka walipopunguza wafanyakazi. Nikaja kwenye kituo chetu kidogo hapa Kilindoni, nikiwa najisikia kweli kweli. Kazi yangu ilikuwa kwenda Ras Mkumbi kila asubuhi na kuwaeleza wavuvi hali ya bahari. Siku ya kwanza nilipanda bodaboda, nikafika, nikarekodi mawimbi. Ndugu zangu, sikurudi tena. Njia ndefu, vumbi, na mimi nilijiona staa. Nilikaa studio, nikafungulia mawimbi yale yale niliyorekodi, nikasema, "Niko hapa Ras Mkumbi, bahari imetulia." Miezi minane! Na Jumapili nilisimama na kwaya mbele yenu.

Asubuhi moja mume wa Bi Zuhura wa kisiwani Bwejuu alinisikia, akatweka tanga kwenda kuvua Ras Mkumbi. Kumbe huko upepo ulikuwa mkali. Mashua ikapinduka, akaishikilia hadi wavuvi wengine walipomwokoa, yu hoi.

Siku ya tatu Bi Zuhura akaja studio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yule kunguru wako anayesikika redioni kila siku hulia mara mbili, ndipo unaanza kusema. Bahari ya juzi uliiona kwa macho yako?"

Meneja alikuwa amesimama pale pale. Uongo mmoja tu, na kazi yangu ingebaki. Nikamwita Yesu kimoyomoyo, naye akanifungua ulimi.

"Sikuiona, mama. Nisamehe."

Siku ile ile nikaungama hewani. Nikaondolewa kwenye maikrofoni, nikabaki kufagia studio miezi mitatu, tena nikiwa na amani ambayo Dar sikuwahi kuijua. Kisha nikarudishwa. Siku hizi Ras Mkumbi nafika mwenyewe.

Ndugu yangu, Mungu aliyenitoa kwenye uongo hashindwi na lako. Mwambie ukweli, umtumaini. Namshukuru yeye, na namshukuru Bi Zuhura, Mwislamu aliyenisamehe. Jana pikipiki iliniharibikia njiani, nikachelewa hewani, akanipigia simu.

"Umeshaiona bahari?"

"Bado, mama."

"Haya. Mume wangu hatoki mpaka uione."