Benedikta Mhina na Kinyama Kilichotiwa Chumvi

Baada ya miaka thelathini na mitano katika chumba cha histolojia cha maabara yetu ya Tanga, Bi. Benedikta Mhina anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Wafanyakazi wanamwita Mama Benedikta. Tangu mwaka 1990 amekuwa akiandaa vinyama, yaani vipande vidogo vya mwili vinavyokatwa kutoka kwa wagonjwa, ili daktari wa patholojia avitazame kwenye hadubini na kusema ni ugonjwa gani.

Wanaosikia neno patholojia kwa mara ya kwanza hudhani ni mochwari. Majirani zake wa Nguvumali walidhani hivyo kwa miaka mingi. Kwenye shughuli za mtaani, akishika kisu tu, mtu atasema kwa upole, "Mama Benedikta, kachumbari hiyo muachie mwingine." Naye hucheka, akaenda kuchochea moto. Ukweli ni kwamba karibu kila kinachofika mezani kwake kimetoka kwa mtu aliye hai, amekaa mahali fulani anasubiri jibu.

Alizaliwa Amani, ambako baba yake alikuwa mchumaji wa chai. Siku moja, akiwa mtoto, mtafiti wa kituo cha utafiti cha huko alimruhusu achungulie mguu wa mbu kwenye hadubini. Anasema alishangaa kuona kitu ambacho kila siku alikiua kwa kofi kina manyoya yaliyopangwa vizuri namna ile, na tangu siku hiyo akawa anajiuliza vitu vingine vikoje kwa ndani. Shuleni alipenda baiolojia na kemia. Akaenda kusomea stashahada ya maabara Dar es Salaam, akasajiliwa, akaajiriwa hapa. Baadaye alirudi chuoni kubobea katika histolojia, wakati huo ana watoto wawili, mmoja bado ananyonya.

Vijana wanaomaliza shule humuuliza njia ya kuingia kazi hii ni ipi, na yeye huwaambia ziko mbili. Ya kwanza ni ya maabara, kama aliyopita yeye. Ya pili ni ya daktari: udaktari wa kawaida miaka mitano, mwaka wa mazoezi hospitalini, kisha miaka mingine mitatu au zaidi ya patholojia. Mwenye njia ya kwanza anaandaa, mwenye njia ya pili anasoma. Mmoja akikosekana, mwingine hana kazi.

Kuandaa kwenyewe ni jambo la kutazama. Kinyama hulowekwa kwenye fomalini kisioze, kikakaushwa maji, kikagandishwa ndani ya nta. Kisha Mama Benedikta hukikata kwa mashine ya kisu kikali sana, vipande vyembamba kuliko unywele. Vinatoka vimeshikana kama utepe, anauelekeza kwa brashi ndogo mpaka uelee kwenye beseni la maji ya vuguvugu, halafu anauopoa kwa kioo. Wakati huo chumba kizima hunyamaza, maana mtu akipiga chafya utepe unapotea. Mwisho hutiwa rangi, na kile kilichokuwa kama ukungu juu ya kioo kinageuka waridi na zambarau.

Katika kazi zake zote, moja bado inasimuliwa kwenye chumba cha chai. Wahusika wenyewe wameridhia majina yao yatajwe.

Mwaka 2009 kituo kimoja cha afya cha pwani ya kusini mwa mji kilimtoa uvimbe wa titi mwanamke wa Kigombe aitwaye Hafsa. Fomalini ilikuwa imekwisha. Aliyehudumu alikifunga kinyama kwenye mfuko, akampa mumewe, Rama, na kumwambia akifikishe Tanga haraka, na njiani akihifadhi kisioze. Mvua za wiki iliyopita zilikuwa zimechukua daraja, na magari hayakupita kwa siku mbili. Jua lilikuwa limerudi. Rama ni mvuvi, na kuhifadhi nyama isioze anakujua vizuri. Akakitia chumvi, akakianika juu ya bati.

Alipofika dirishani petu, Tahiri, mhudumu wa mapokezi, alifungua karatasi na kukuta kitu kama ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi na jua.

"Leo tumeletewa kitoweo," Tahiri akasema, na waliokuwepo wakaangua kicheko.

"Niliambiwa nikihifadhi kisioze," Rama akajibu. "Nami nguru nawahifadhi tangu sijaota ndevu. Hakijaoza hicho, nusa mwenyewe."

Mama Benedikta alitoka ndani. Rama akamwamkia shikamoo, naye akaitika, kisha akakichukua kile kinyama kwa kibanio. "Msicheke," akawaambia wenzake. "Kina mwenyewe hiki. Anaitwa nani?"

"Hafsa. Mke wangu."

Hapo kicheko kiliisha, kwa sababu kila mtu alielewa lililokuwepo. Uvimbe ulikuwa umetolewa wote, hakikubaki cha kukata tena. Kama kile kipande hakisomeki, daktari wa upasuaji angebaki na njia mbili, zote mbaya: kuliondoa titi la mama wa miaka thelathini bila uhakika, au kungoja aone kama ugonjwa utarudi. Na Rama aliongeza kwamba Hafsa amemtuma maneno haya: hata jibu likiwa baya, analitaka.

Daktari wetu wa patholojia, Dokta Nehemia, alikuwa mgeni kazini wakati ule. Alikigeuza kinyama mkononi, akasema hawezi kuahidi kitu. Lakini alikumbuka kusoma kwamba wataalamu wanaochunguza maiti za kale zilizokauka huzilainisha kwa spiriti, fomalini na soda. Mama Benedikta akauliza ni soda gani. Ilipobainika ni ndugu yake magadi, yale ya kulainishia maharage, akasema basi tunaelewana.

Alianza kwa kutoa chumvi, anabadilisha maji taratibu. Halafu akaweka dawa ile ya Dokta Nehemia na kusubiri. Kila asubuhi alikibonyeza kidogo kwa kibanio, kama mtu anayeangalia maharage yameiva au bado. Wenzake wakaacha utani, wakaanza kuuliza kabla ya kusalimia, "Kimelainika?" Kilipolainika, akakikata. Utepe wa kwanza ulichanika, na wa pili pia. Wa tatu ulikaa juu ya maji.

Dokta Nehemia alitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Seli zilikuwa zimesinyaa, za pembeni zimevurugika, ila za katikati zilisomeka. Akawaita wote waone. Chumvi na jua vilikuwa vimezuia kuoza. Kama Rama angekaa na kile kinyama siku mbili ndani ya mfuko kama alivyopewa, kingefika uji. Hata hivyo hakuna anayeshauriwa kufanya hivyo, na Mama Benedikta amesisitiza jambo hilo liandikwe hapa.

Jibu lilikuwa saratani, iliyokuwa bado changa. Karatasi ikaenda kwa daktari wa upasuaji, na maabara haikusikia tena habari za Hafsa.

Hivyo ndivyo kazi yetu ilivyo. Tunajua jambo kubwa kuhusu mtu kabla yake mwenyewe, lakini mwisho wa habari yake hatuambiwi. Mama Benedikta alivumilia hivyo karibu mwaka mzima. Kazi za kufanya zilikuwa nyingi: alizunguka vituo kuanzia Horohoro hadi Pangani akigawa chupa zenye fomalini tayari, akiwafundisha watumishi kwamba neno "hifadhi" pekee halitoshi, kila mtu analielewa kwa kazi yake. Lakini Jumapili moja, baada ya misa, akapanda gari kwenda Kigombe.

Alipokaribia nyumba ya Rama aliona turubai limetundikwa na watu wengi wamekaa kwenye mikeka. Anasema alidhani ni msiba. Akasimama mbali, akamuuliza mama mmoja aliyekuwa akisuuza sufuria, "Hapa kuna nini?"

"Arusi ya mdogo wake Hafsa. Nawe umechelewa, pilau limekwisha."

"Na Hafsa mwenyewe?"

"Si yule pale anayegombana na wapishi?"

Hafsa akaitwa, akaja amejifunga leso, jasho linamtoka. Alioneshwa mgeni aliyetoka maabara, akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Wewe ndiye uliyekikata kinyama changu?"

"Ndimi."

"Chumvi ilitosha?"

Mama Benedikta akaangua kicheko, na pilau likapatikana.

Mama Benedikta, asante kwa kutufundisha kuuliza jina la mwenye kinyama kabla ya kushika kisu. Nenda ukapumzike Nguvumali kwa afya na furaha, na kachumbari sasa wakuachie ukate mwenyewe. Wewe hatutakuacha kama karatasi ya majibu iliyokwenda isirudi. Tutakuja kubisha hodi, tujue habari yako imeendeleaje.